Makali ya Bi Kinoo

Mke wangu watu walimwita Bi Kinoo, wala hakuchukia. Kinoo ni jiwe la kunolea, na lake alikuja nalo siku ya ndoa, ndani ya sanduku la nguo. Baba yake alikuwa mchinjaji kama mimi.

Machinjioni hakuwahi kukanyaga, lakini sikumchinja mbuzi hata mmoja bila mkono wake. Kisu hakinolewi mbele ya mnyama. Mimi sikusoma, ila hilo nimelisikia msikitini tangu utoto: Mtume alituambia tukichinja tuchinje vizuri, tunoe kisu, tumpumzishe mnyama. Basi changu kilinolewa nyumbani, nyuma ya jiko, baada ya alasiri. Mwanzoni nilinoa mwenyewe. Alinitazama kidogo, akaninyang'anya.

Akimaliza hung'oa unywele wake mmoja na kuugusisha kwenye makali. Ukikatika bila kuvutwa, kisu kimekubali. Nilimwambia ataishia kipara kwa ajili ya mbuzi. Akasema mbuzi hawatamcheka.

Mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama, wanasema. Yeye makali yote yalikuwa yake, na chakula chake maharage.

Nikirudi kutoka machinjioni, hata sijavua viatu, huniuliza, "Walisumbuka?" Nikisema hapana, anaendelea na kazi zake. Siku moja nilisema mmoja alisumbuka kidogo. Hakula. Alinoa mpaka magharibi.

Hakuugua muda mrefu. Asubuhi ya kwenda hospitali nilimkuta kwenye kigoda ananoa. Nikamwambia gari limefika. Akasema lisubiri. Kutoka huko hakurudi.

Baada ya msiba nyumba ilinishinda. Nikiketi nainuka, nikiinuka sijui naenda wapi. Nikarudi kazini, maana kisu kilikuwa bado na makali ya mkono wake. Nilikifuta, nikakifunga kwenye kitambaa chake. Jiwe nikalisukuma uvunguni mwa kitanda. Kila mbuzi alipunguza yale makali kidogo, na nilijua. Sikunoa. Ningenoa, yake yangekwisha, yangekuwa yangu.

Ndipo akaletwa beberu mmoja wa kahawia. Nikamlaza taratibu, nikamwelekeza kibla, nikataja jina la Mungu, nikapitisha kisu. Kikateleza. Nikakandamiza. Akapiga mateke, akanikazia jicho, na ule muda wa kuteseka haukuwa haki yake.

Mchunaji wetu, tunayemwita Domo, akasema, "Mzee, unachinja au unanyoa?"

Wakacheka. Baadaye alinifuata pembeni, akasema nisijisumbue, nyama ni halali. Najua ni halali. Beberu je?

Nyumbani nilimkuta binti yangu amekuja kunipikia. Nikazunguka jikoni, uani, mlangoni, jikoni tena. Akasema nitaitoboa sakafu. Nikamweleza habari za beberu na kisu, na kwa nini jiwe liko uvunguni. Aliendelea kuchambua maharage.

"Baba," akasema, "mama hakuwa akikunolea wewe. Alikuwa akiwanolea wale mbuzi."

Nikainama uvunguni. Jiwe limebonyea katikati kwa mkono wa mama yake, kisu kikakaa humo chenyewe. Nikanoa. Nikang'oa unywele wa ndevu, kwa kuwa kichwani sina kitu. Haukukatika. Nikanoa tena, nikang'oa mwingine. Kidevu kikawasha. Binti akasema ndevu zitaisha. Nikamwambia mbuzi hawatanicheka. Akageuka upande, akajifuta uso kwa pindo la nguo.

Ukakatika.

Kesho yake mbuzi wa kwanza alikuwa ametulia hata sijainuka vizuri. Domo alinitazama, akaanza kuchuna.

Nikarudi nyumbani, nikasimama mlangoni pa jiko na viatu vyangu miguuni. Hakuna aliyeuliza.

"Hawakusumbuka," nikasema.

Nikaketi, nikainuka. Nikazunguka uani, nikarudi. Alasiri ilikuwa bado. Nikatoa jiwe hivyo hivyo.