Nyayo Zangu Mgongoni mwa Bibi

Nilipokuwa mtoto wa miaka minane, huko milimani Iringa katika miaka ya hamsini, nilikuwa daktari wa mgongo mmoja tu, wa bibi yangu mzaa baba. Kwetu iliaminika kwamba aliyezaliwa akitanguliza miguu akikanyaga mgongo unaouma, maumivu hukimbia. Bibi aliniambia kuwa mimi ndiye, nami nikavimba kichwa.

Mgongo wake ulikuwa mkorofi kwa miaka mingi. Msimu ule ulimzidi, na baba mdogo, fundi cherehani wa Mlandege, Iringa mjini, akaja na uamuzi wake.

"Mama, naona jembe limeanza kukushinda. Nikirudi nikakuta shamba la maharage halijapandwa, nakuhamishia kwangu mjini."

"Nikafanye nini huko? Nikae barazani nitazame baiskeli za watu?"

Mimi nilitaka kulia. Bibi akienda mjini, nitashinda kwa nani?

Basi kila asubuhi alilala kifudifudi mkekani, nami nikampanda taratibu, nyayo zikifuata pande mbili za uti wa mgongo.

"Hapo! Hapo hapo, Anjelina! Usicheke, unanitikisa."

Dawa ilikuwa na masharti. Aliyekanyagwa hakuruhusiwa kulala tena wala kuketi mpaka amsindikize mkanyagaji hadi mtoni na kurudi. Siku ya kwanza bibi alikwenda akiguna kila hatua. Wiki ya pili akawa ananipa umbea wa kijiji njia nzima. Tukirudi alipanda mstari mmoja wa maharage, akasimama kujinyoosha, kisha akapanda nusu ya mwingine.

Siku moja nikajigamba nyumbani. Mama alicheka mpaka akashika mbavu.

"Wewe? Wewe ulitanguliza kichwa, tena kikubwa! Aliyetanguliza miguu ni kaka yako Yohana."

Nilinyong'onyea. Nikisema ukweli, bibi atakata tamaa, mgongo utamlaza, na baba mdogo atamchukua. Nikanyamaza, nikaendelea kumkanyaga huku roho inanisuta.

Baba mdogo aliporudi alimkuta shambani, maharage yameshaota.

"Kamwene, mwanangu!" bibi alimsalimu. "Umekuja kupalilia?"

Baba mdogo alicheka, akavua koti, akaomba jembe. Habari ya kuhama haikutajwa tena.

Alipoondoka nilishindwa kuvumilia.

"Bibi, nisamehe. Mimi sikutanguliza miguu."

"Najua. Si mimi niliyemzalisha mama yako?"

"Sasa mbona ulinichagua mimi?"

"Umemwona Yohana alivyo? Angenivunja!"

Leo nina mgongo wangu mkorofi. Daktari ananisisitizia nisilale kutwa, nitembee, nilime kidogokidogo na kupumzika, na mimi humsikiliza huku nikizuia kicheko. Kama nyayo zina dawa, sijui. Ninachojua ni kwamba bibi alihitaji mtu wa kumwamsha na wa kutembea naye, akanipa cheo ili nisikose hata siku moja. Ningekwenda hata bila cheo. Nadhani hilo nalo alilijua, ila alipenda kuniona nikija mbio.