Kiduku cha Mama wa Bi Harusi

Kinyozi alinipa pole kabla sijakaa. Alikuwa mtu mzima mwenye kitambi na taulo begani, na kwenye benchi lake walikuwepo wanaume wakitazama marudio ya mpira. Mwanamke wa umri wangu haingii kwa kinyozi wa wanaume huku Chamazi ila kwa jambo moja, na yeye alishaliona mara nyingi.

"Pole na msiba, mama," akasema, akimwinua mtu kwenye kiti ili nikae. "Tunatoa zote?"

Nikamwambia sijafiwa. Nataka kiduku. Pembeni pashuke mpaka karibu na ngozi, juu zibaki fupi zisimame, na upande wa kushoto anichongee mstari. Mmoja wa wale wanaume akapunguza sauti ya televisheni. Kinyozi akaniuliza, kwa adabu zote, kama watoto wanajua. Nikamjibu kwamba nina miaka sitini na moja, na waliokuwa na haki ya kuniuliza swali hilo nilishawazika. Akawasha mashine.

Kwa asiyejua, nieleze. Kwetu, kanda ya ziwa, mwanamke hunyolewa mumewe akifa. Siku ya kuanua tanga huketishwa uani kwenye kigoda, wembe ukapita, na kuanzia hapo kila anayekutana naye anajua kilichompata. Mama yangu alinyolewa hivyo, na mimi mwenyewe nilishika beseni la maji. Kwa hiyo siwezi kusema sikujua. Lakini siku ile jambo hilo halikunipitia akilini hata kidogo, kwa sababu sikuwa namfikiria mume wangu. Nilikuwa nafikiria nywele zangu.

Tangu nilipoanza kufundisha nilikuwa naweka dawa. Dawa ile inawasha, na ukivumilia zaidi nywele zinalala zaidi, basi tulikuwa tunashindana kuvumilia, walimu wazima tumekaa saluni machozi yanatutoka, tunasema bado, bado kidogo. Baada ya dawa nikasuka rasta, baada ya rasta nikashonea wivingi. Mume wangu alipenda nywele ndefu na mimi nilipenda alichopenda yeye, ujinga wa kawaida wa wanawake wa rika langu. Nilipostaafu, mbele na pembeni palikuwa pamenyonyoka, pamebaki vidoti vya vidonda vya zamani. Msusi wangu akanipapasa paji la uso akasema, "Mama, hapa mbele mie sina pa kushikia. Tukuwekee wigi tu, na sendofu ya dada ndo hiyo inakuja."

Sendofu ya binti yangu. Ni mtoto wangu wa kike wa pekee, na sherehe ile nilianza kuisubiri siku aliponiambia amepata mchumba, au labda tangu nilipomnyonyesha. Harusi ni ya upande wa mume. Sendofu ni yetu sisi tunaomtoa. Mbele ya ukumbi huwekwa viti viwili, cha baba na cha mama, na binti hupiga magoti akawalisha wazazi wake keki mbele ya watu wote. Nimekula wali kwenye sendofu za watoto wa wenzangu kwa miaka mingi nikikitazama kile kiti cha mama, nikijiambia siku yangu inakuja. Sikutaka nikae pale nimefunikwa manyoya ya dukani, jasho linanitiririka shingoni. Nilitaka nikae mimi.

Kinyozi alipomaliza akanipa kioo cha mkononi. Mvi za juu zilikuwa zimesimama, nyeupe, hazina dawa wala mafuta. Nilikuwa na masikio. Nilikuwa na shingo. Nilijiona mzuri, na nalisema hivyo bila aibu kwa sababu ilikuwa imepita miaka tangu nijione hivyo. Nikarudi nyumbani kwa miguu, upepo ukinipiga kisogoni, natembea taratibu makusudi ili watu wanione.

Mume wangu, karani mstaafu, alikuwa barazani na redio yake. Akanitazama, akarudi kwenye redio. Wakati wa kula akasema, "Umekuwa kama wale wahuni wa stendi." Nikamwambia ugali unapoa. Tungeishia hapo, maana mimi na yeye mambo yetu mengi yaliishia kwenye ugali.

Balaa lililetwa na wifi yangu, dada yake, anayekaa Ukonga. Alikuja Jumamosi asubuhi bila kupiga simu, ameleta vitenge vya sare ya sherehe. Nilikuwa nafagia nje ya geti. Akashuka kwenye bajaji, akaona kichwa changu, akauachia mfuko wa vitenge ukaanguka mchangani. Hakuniuliza neno. Akajishika kichwa na kuanza kulia kilio cha msiba, kile kirefu cha kumtaja marehemu na sifa zake. Kaka yangu mpole, kaka yangu mlezi, wamekuzika bila mie. Sasa watu wa mtaa wetu hawakiachi kilio kipite. Kabla sijamfikia wifi walishajaa pale getini, wamejifunga khanga kiunoni, mmoja na mkeka, mwingine anauliza maiti iko hospitali gani. Jirani wa mbele akaanza kutoa viti vya plastiki.

Ndipo marehemu akatoka bafuni, taulo kiunoni, povu masikioni, anauliza nani kafa.

Nilicheka. Nilicheka mpaka nikashika geti nisianguke, na majirani nao wakacheka, na nadhani kicheko kile ndicho kilichoniponza kuliko nywele zenyewe. Wifi yangu akajifuta uso kwa ncha ya khanga. Aliona aibu, na aibu yake ikatafuta pa kutua.

"Wifi, kaka yangu yupo hai anakuona, we ushanyoa," akasema, tena taratibu, ili kila mtu asikie. "Unamngojea?"

Mume wangu akakaza taulo lake. Akarudi ndani na povu lake, na jioni akahamishia mito yake chumba cha wageni.

Haikupita wiki, kikao cha ukoo kikaitwa. Hapa naomba mnivumilie, maana hapa ndipo hasira yangu inapokaa. Miaka ya nyuma niligundua kwamba mume wangu ana nyumba nyingine Kigamboni, yenye mwanamke na mtoto aliyefanana naye mpaka mwendo. Niliomba kikao. Niliomba kwa simu, nikaomba kwa kwenda mwenyewe, nimebeba zawadi kama mtu anayeomba kazi. Kaka mkubwa wa mume wangu akaniambia mambo ya ndoa yanamalizwa chumbani, nirudi nikamwombee mwenzangu. Nilirudi nikaomba. Safari hii kaka mkubwa huyo huyo alipanda basi kutoka bara, akalala njiani, akaja kukaa kwenye kochi langu kujadili kichwa changu.

"Shemeji, sie hatukugombezi," akaanza, na nikajua nagombezwa. "Ila watakuja watu wa nyumbani. Wakimwona mama wa binti kanyoa, watauliza ndugu yetu yuko wapi. Na huyu mtoto ataondoka na mkosi."

Nikawaambia ndugu yao atakuwa amekaa pembeni yangu amevaa suti, atakayeuliza aonyeshwe. Hakuna aliyetabasamu. Mume wangu alikuwa anatazama kucha zake. Nilimngoja aseme neno moja tu, kwamba hajafa, kwamba ni nywele tu, kwamba mke wangu muacheni. Hakulisema. Wakaamua nivae wigi. Nisipovaa, kile kiti atakalia wifi yangu, kwa kuwa shangazi naye ni mzazi.

Binti yangu alikuwa amekaa karibu na mlango, na mimi nilikuwa namtazama yeye. Ni mtu mzima, ana kazi yake ya ofisini. Mambo ya Kigamboni yalipojulikana, ndiye aliyekuwa ananiambia mama achana naye, jipende, ishi maisha yako. Kaka mkubwa akamuuliza naye anasemaje.

"Mama, si siku moja tu?" akasema. "Vaa, picha zikiisha unavua."

Kesho yake aliniletea wigi mwenyewe, zuri, la bei, amelifunga kwenye mfuko wa zawadi. Nilimpeleka jikoni tukiwa wawili, nikamuuliza kama yeye anaona nimechukiza.

"Umependeza, mama. Wala si mimi. Ni wao."

"Basi waambie hivyo."

Akachukua kitambaa cha vyombo, akakikunja, akakikunjua, akakikunja tena. Ningemkalia kooni angesema angalau kwangu kwamba anamwogopa shangazi yake, lakini sikumkalia kooni. Alikuwa anaolewa. Nilimwonea huruma, na ile huruma ndiyo imenigharimu.

Ningeweza kulivaa. Wenzangu wa jumuiya ya kanisani wameniambia hivyo kwa namna zote, kwa upole na kwa kunitolea uvivu: ungevaa, dada, ungekaa kwenye kiti chako, yangeisha. Labda. Lakini kila walichotaka nikifunike nilikifunika. Ya Kigamboni niliyafunika, nikiwaambia walimu wenzangu mume wangu kasafiri. Vidonda vya kichwani nilivifunika. Nilikuwa nimechoka kufunika. Na kulikuwa na jingine ambalo sikumwambia mtu. Niliamini kabisa kwamba binti yangu, akishashika ile sahani ya keki, akishafika mahali pa kupiga magoti, miguu yake ingemleta kwangu popote nitakapokuwa nimekaa. Nilimwamini hivyo.

Siku ya sherehe nilivaa sare ya kitenge kama akina mama wengine, hereni kubwa, na kichwa changu. Kinyozi alikuwa ameniwekea mstari upya asubuhi. Mlangoni alisimama mmoja wa wanakamati, kijana wa kazini kwa binti yangu. Alinisalimia shikamoo bila kunitazama usoni, akanipeleka kwenye meza ya walimu wastaafu, nyuma, karibu na spika. Kule mbele mume wangu alikuwa amekaa na suti yake, na pembeni yake wifi yangu, amevaa kilemba kirefu, anapokea salamu.

Mshereheshaji alikuwa wa kukodi, hamjui hata mmoja wetu. Yeye alisoma viti kama vilivyokaliwa. Wakati wa keki ulipofika binti yangu akainuka na sahani, gauni lake la dhahabu linaburuzika, na mimi nikaweka mkoba wangu chini nikanyoosha kitenge magotini. Akapiga magoti kwa baba yake, akamlisha. Akainuka. Akasimama kidogo, akageuza uso upande wetu, na ninaapa kwamba alinitafuta. Kisha akapiga magoti mbele ya shangazi yake.

"Anamlisha mama!" mshereheshaji akapaza sauti kwenye kipaza, na spika ilikuwa sikioni mwangu. "Mama aliyembeba tumboni miezi tisa. Makofi kwa mama mzazi, jamani, makofi."

Ukumbi ukapiga makofi. Nami nilipiga. Sijui kwa nini nilipiga, mikono ilijiendea tu. Kwenye meza yetu hakuna aliyeinua macho kutoka kwenye sahani yake, isipokuwa mwalimu mmoja niliyefundisha naye darasa la kwanza, aliyeniwekea mkono mgongoni na kuuacha pale. Wifi yangu alifungua mdomo, akatafuna taratibu, akajifuta kwa leso. Hakumwambia mshereheshaji kitu. Mume wangu naye hakumwambia kitu.

Baadaye muziki ulipowekwa na watu wakaanza kucheza, binti yangu akazunguka kusalimia meza. Alifika kwetu mwisho. Alikuwa ameshika kisahani chenye kipande cha keki, amekifunika na karatasi laini, na vipodozi vilikuwa vimemchuruzika kidogo chini ya macho. Akachuchumaa pembeni ya kiti changu. Hakupiga magoti, alichuchumaa tu, kama mtu aliyeangusha kitu, na kabla ya kusema aligeuka kutazama kama kule mbele wanamwona.

"Mama, nimekuwekea," akasema kwa sauti ya chini. "Umependeza sana leo."

Nilikuwa nimeyapanga mengi ya kumwambia, na yote yalikuwa ya upole. Yaliyotoka hayakuwa hayo.

"Kampe mama yako," nikasema.

Alibaki amechuchumaa. Kisha mpiga picha akamwita, akakiweka kile kisahani mezani mbele ya yule mwalimu mwenzangu, akainua gauni lake, akaenda. Sikuila ile keki. Nilitaka sana kuila.