Ngoma Iliyoita Jina la Baba

Mimi hakuna kitu kinachoweza kunishangaza tena. Munijue hivyo, ndugu munaosoma. Nilikaa miaka miwili tu kwenye masomo ya mapadri, na leo niko na kamiyo mbili za kubeba mizigo na duka la bati hapa Kasongo, na watu wa Salamabila wananunua sabuni yangu mbele ya kuuliza ya mwingine. Lakini mwezi uliopita, sokoni, muchuuzi mmoja alikuwa anagonga ngoma ya muti, ile isiyo na ngozi, iliyochimbwa tumbo kama mutumbwi, aonyeshe kwamba haina ufa. Aligonga ovyo, kama mutu anayebisha mulango. Miguu yangu ikasimama yenyewe. Kwenye mudomo wa ile ngoma kulikuwa na kiraka cha utomvu mweusi, na kiraka kile nilikiona kikitiwa na baba yangu.

Baba alikuwa mupiga ngoma wa kijiji chetu, kwenye njia ya Kabambare. Habari zilipita kijiji kwa kijiji, mbio kuliko mutu wa baiskeli. Vijana wa leo wanafikiri ngoma inasema tu na kunyamaza. Hapana, ilikuwa na adabu yake. Kwanza inaita jina la mutu, si lile la kitabu cha kodi, jina lake refu la ngoma. Baba aliitwa Muti Mukavu Usioangushwa na Upepo. Mwenye kuitwa anajibu: niko, masikio yangu wazi. Ndipo habari yenyewe inakuja. Asipojibu, haitumwi. Wazee walisema neno halitupwi pasipo na mikono ya kulipokea.

Mwaka ule Muzungu wa boma alikataza ngoma. Alisema zinawaambia watu wakimbie kodi. Sibishi, zilikuwa zinawaambia. Mupiga ngoma wa ng'ambo ya mto alipelekwa Kasongo na kamba shingoni, akarudi hawezi kukaa kitako. Sisi tukaletewa askari wa kutulinda na midomo yetu.

Mama wakati ule alikuwa kwao Kabambare, na mimba kubwa. Waligombana juu ya chumvi: baba alimpa dada yake nusu ya chumvi ya nyumba bila kuuliza. Kwetu watu wameachana kwa kidogo kuliko hicho.

Asubuhi moja, mikono ya wanawake ikinuka bado muhogo wa kulowekwa, tukasikia kutoka mbali, upande wa Kabambare: Muti Mukavu Usioangushwa na Upepo. Kimya. Tena: Muti Mukavu. Mimi nilikimbia kwa watoto wenzangu kifua mbele. Niliwaambia, "Jina la baba yangu linapita mbinguni. La baba zenu linakaa jikoni."

Baba alishika magongo yake yenye vichwa vya mpira, akasimama mbele ya ngoma. Askari alikuwa barazani anatafuna muwa.

"Wananiita, askari."

"Nami nasikia. Piga basi, shemeji. Njia ya Kasongo unaijua, na kamba ninayo."

"Nijibu tu kwamba niko."

"Waache waite. Mutu akichoka atanyamaza."

Nilikuwa karibu na baba, nikasikia harufu ya jasho lake, chungu, si jasho la shamba. Ngoma iliita mpaka jua likapinduka, kisha ikanyamaza. Baba akaweka magongo chini, akachukua panga lake na kushika njia ya Kabambare bila kula. Mimi nilifurahi. Nilidhani wamenyamaza kwa sababu shida imekwisha.

Alirudi peke yake, na hakupiga ngoma tena. Mama alirudi baada ya mvua, mikono mitupu. Alipika, alitia chumvi ya kutosha, lakini baba hakuambiwa neno. "Mwambie baba yako chakula iko." "Mwambie mama yako nimeshiba." Basi mimi ndiye niliyekuwa ngoma yao, hatua mbili kwenda, hatua mbili kurudi, mpaka baba alipokufa.

Nilipooa ndipo mama mudogo aliponieleza. Siku ile ngoma ilipoita, mutoto alikataa kutoka. Wanawake walitaka neno moja la baba, kwamba moyo wake ni mweupe, maana kwetu mutoto haachi tumbo wazazi wakiwa na kinyongo. Mama alilala akitega sikio. Mutoto akatoka amekufa. Baba alipofika akaeleza habari ya askari, mama alimujibu, "Jibu lako nililisikia."

Hapo nilielewa. Utotoni nilifikiri habari ni kazi ya mwenye kusema. Kumbe kunyamaza nako kunasafiri mpaka Kabambare, na hakuna askari mwenye kamba ya kufunga kimya.

Basi ile ngoma niliinunua bila kupunguza bei, mimi ninayempunguzisha hata padri. Niliipakia, nikaenda mpaka kwa mama, mukongwe sasa, anabambua karanga mulangoni. Nikapiga yale machache niliyojua: niko, masikio yangu wazi, moyo wangu mweupe. Niliyapiga vizuri, musiwe na shaka. Watoto wakajaa uwanja, nyuma yao akaja polisi wa chifu. Mama aliinamisha kichwa, akasikiliza mpaka mwisho.

"Mukono wa baba yako ulikuwa muzito upande wa kushoto," alisema. "Huo si wake."

Akarudi kwa karanga zake. Ngoma, esansi iliyonywewa na kamiyo kwenda na kurudi, na amende niliyolipishwa na polisi kwa kupiga bila ruhusa: faranga elfu moja mia nane na arobaini.