Jino la Mpiga Tarumbeta

Nilipoanguka kutoka kwenye toleka, baiskeli ya kubeba abiria, karibu na soko la Makiso, mkono wangu haukwenda kwenye goti lililochubuka. Ulikwenda mdomoni. Pikipiki ilikuwa imetukatia njia bila kupiga honi, mwendesha baiskeli akafunga breki, na mimi niliyeketi nyuma na mzigo wa vitambaa mapajani nikarushwa mbele. Mdomo ukagonga chuma cha kiti chake. Damu ilijaa upesi. Nikagusa jino la mbele, la juu, upande wa kushoto, likaenda mbele na kurudi nyuma chini ya kidole changu.

"Mama, pole! Pole sana! Jino iko?" mwendesha baiskeli akauliza, gurudumu lake bado likizunguka barabarani.

"Iko," nikamjibu. "Lakini inatikisika."

Muuza maji mmoja alinipa kifuko nisukutue. Watu walisimama, wakamtukana mwenye pikipiki ambaye alikuwa ameshapotea, wakakusanya vitambaa vyangu na kuvikung'uta vumbi. Mimi nilikuwa nimekaa ukingoni mwa barabara nikiwaza sherehe ya Lubunga.

Mimi ni mshonaji. Lakini katika kanisa letu mimi ndiye niliyekuwa tarumbeta ya kwanza ya fanfare, yaani ile bendi yetu ya vyombo vya kupuliza na ngoma, inayopiga ibadani, harusini na mbele ya jeneza. Nilikuwa mwanamke pekee kati ya wapulizaji. Baba yangu, aliyehamia Kisangani kutoka Maniema kabla sijazaliwa, hakupenda. Alisema mashavu yangu yataharibika na hakuna mwanaume atakayenioa. Nikaolewa, tena na mtu aliyeniona kwa mara ya kwanza nikiwa nimevimbisha mashavu hayo hayo.

Aliyenifundisha ni kiongozi wetu, karani mstaafu wa serikali ambaye sote tunamwita Maître, yaani mwalimu. Alitufundisha akichora kwa makaa, nyuma ya mlango wa ghala la kanisa, akichanganya Kiswahili, Kifaransa na Lingala. Alichora mistari mitano, akaweka nota juu yake, kisha akaikata kwa vijiti vya kusimama ili kutuonyesha vipimo. Kila kipimo alikiita mesure.

"Mesure iko kama chumba," alisema. "Mukiandika mapigo ine, ni batu bane banalala ndani. Mutu wa tano analala inje."

Tukacheka. Halafu akachora alama ndogo iliyopinda na kusema hiyo ni kimya cha pigo moja, Kifaransa kinaiita soupir, pumzi ya mtu aliyechoka. "Kimya nayo inapigwa," alisema. "Mutu asiyejua kuipiga, asishike chombo."

Maître ndiye mtunzi wa vipande vingi tunavyopiga. Mwaka ule alikuwa ametunga marche, muziki wa maandamano, ya kufungulia kanisa jipya la ndugu zetu wa Lubunga, ng'ambo ya mto. Ilianza na tarumbeta peke yake. Mesure mbili nzima ngoma ilinyamaza, saksafoni zilinyamaza, besi ilinyamaza, na tarumbeta ikapanda kutoka do hadi fa ya juu, ikakaa pale, halafu wote wakaingia kwa kishindo. Siku aliyonipa karatasi ile aliniambia, "Hii nimeitunga kwa mudomo yako. Mwengine anaweza kupiga nota zote, lakini haitakuwa hii."

Kwa mtu asiyepuliza, jino ni la kutafunia tu. Lakini sauti ya tarumbeta haitoki kwenye shaba. Inatoka kwenye midomo inayotetemeka ndani ya kile kikombe kidogo cha kupulizia, na kadiri unavyopanda juu ndivyo unavyokibana midomoni. Nyuma ya midomo kuna meno yanayoizuia isirudi ndani. Jino la mbele likitikisika, huna pa kuegemea.

Daktari wa meno alikuwa mwanamke mdogo kuliko mimi. Alinifunga jino kwa waya mwembamba, akalishikamanisha na majirani zake, akaanza kunipa masharti. Nisikate uzi kwa meno. Nisile makemba, zile ndizi kubwa, ya kuchoma. Nisipulize chochote.

"Kupuliza nayo?" nikauliza.

"Unapulizaka nini?"

"Tarumbeta."

Aliteremsha kitambaa chake cha usoni ili anitazame vizuri. "Ni kazi yako?"

"Hapana. Ni ya kanisa."

"Alors kanisa itangojea. Ukisukuma hii jino tena, itatoka, na mimi sina namna ya kuirudisha."

Nilirudi nyumbani nikala uji, na majuma yaliyofuata niliendelea kula uji. Kila mara nilijikuta naligusa jino kwa ulimi. Nikiwa kwenye cherehani, naligusa. Mteja akinieleza anavyotaka mikono ya gauni lake, naitikia kwa kichwa huku nikiligusa. Mume wangu aliliona hilo. "Acha," alisema. "Utalichosha." Nikaacha kwa muda wa kumeza mate, nikaanza tena. Usingizini niliota natema meno kiganjani kama punje za mahindi, na kila niliyemwonyesha aliniambia si kitu, piga tu.

Siku za mazoezi nilikwenda nikakaa kwenye benchi la nyuma. Sehemu yangu alikuwa amepewa mwanafunzi wa chuo kikuu, tarumbeta ya pili, mtu mpole aliyenisalimu kwa kuinamisha kichwa kana kwamba amenikosea. Alipiga vizuri. Hilo ndilo lililonitesa. Nilikuwa nikisikiliza kila nota nikingoja ivunjike. Halafu niliona aibu, maana kuvunjika kwake kungekuwa kuvunjika kwetu sote.

Siku moja, baada ya mazoezi, Maître alinibakiza. Mpiga besi wetu alikuwa amehamia Basoko kwa watoto wake, na ile besi, tarumbeta kubwa kuliko zote, inayokaa mapajani kama mtoto mnene, ilikuwa imelala kwenye ghala tangu alipoondoka. Maître alichomoa kipulizio chake akanipa. Kilikuwa kikubwa kama kikombe cha kahawa.

"Tia ku mudomo," alisema. "Usipulize. Tia tu."

Nikatia. Kilizunguka midomo yote miwili. Hakikugusa jino hata kidogo. Kiliegemea juu, chini ya pua, na chini kwenye kidevu.

"Umesikia?"

"Maître, mimi ni tarumbeta."

"Ulikuwa tarumbeta," alisema, halafu akaona uso wangu akashika bega langu. "Bon. Kwa sasa. Sina mutu wa besi, na marche bila besi haina miguu."

Sikukubali siku ile. Nilichukua vile vipulizio viwili, kidogo cha tarumbeta na kikubwa cha besi, nikavifunga kwenye kitambaa, nikarudi kwa daktari. Alishangaa nilipovipanga juu ya meza yake, kando ya koleo zake. Nikamweleza. Alivipangusa kwa dawa, akajiwekea kile kidogo midomoni, akabana, akakunja uso. Akajiwekea kile kikubwa. Akapuliza, pakatoka mlio wa kihuni ambao mgonjwa aliyekuwa nje aliusikia akaguna. Sote wawili tukacheka, na mimi nilikuwa sijacheka kwa siku nyingi kwa kuogopa waya.

"Hii ndogo, non," alisema. "Hii kubwa, nikishatoa waya, doucement, polepole. Ukisikia maumivu, unaacha. Hata kama ni katikati ya wimbo. Unanisikia?"

"Nakusikia."

"Hunisikii," alisema, "lakini nenda."

Waya ulitoka sherehe ikiwa imekaribia. Kwenye besi nilikuwa mgeni kabisa. Nilizoea kuwa na wimbo mikononi, na sasa nilikuwa na nota mbili, do na sol, do na sol, kama mtu anayetwanga. Pumzi ilinimalizika upesi. Kichwa kilizunguka. Nikipiga kwa nguvu nilihisi jino likinguruma pamoja na shaba, nikapunguza, na Maître akapaza sauti, "Besi! Sikusikii!" Nikaongeza, nikaogopa, nikapunguza tena. Mpiga ngoma kubwa, aliyesimama karibu nami, aliniambia kwa upole, "Mama, besi haina kukimbia. Weye unatembea, bengine banakufwata." Niliitikia kwa kichwa, lakini moyoni nilikuwa nawaza mambo ya jino tu.

Asubuhi ya sherehe tulishuka mtoni. Kivuko kikubwa kilikuwa kimeharibika, kwa hiyo tulipakia vyombo kwenye pirogi, mtumbwi mrefu wa mota. Mimi sijui kuogelea. Niliketi katikati na besi mapajani, shaba yake ikichoma kwa jua, na kila wimbi lilipoinua ubavu wa pirogi nilijiuliza nikianguka nitaiachia au nitazama nayo. Yule mwanafunzi alikuwa ameketi mbele yangu. Vidole vyake vilikuwa vinabonyeza vitufe vya tarumbeta bila kupuliza, haraka haraka.

"Umekula?" nikamuuliza.

"Sikuweza, mama."

Nilitaka kumwambia neno la kumtuliza. Nilikuwa nimelipiga lile fungu la mwanzo mara nyingi kuliko mtu yeyote, nilijua mahali pa kuvuta pumzi, nilijua fa inataka nini. Badala yake niliangalia maji.

Kanisa lilikuwa limejaa mpaka nje. Wamama walikuwa wamevaa kitambaa cha namna moja, kilichoshonwa kwa ajili ya siku ile, na mimi nilitambua mishono yangu kwa baadhi yao. Maître aliinua mikono. Mwanafunzi akaanza.

Aliipata fa. Ilikuwa safi. Lakini alikuwa ameanza kwa kasi, kasi ya mtu anayetaka jambo liishe, na tulipoingia sote ngoma ndogo ikamfuata, saksafoni zikamfuata, na marche ya kuingia kanisani kwa heshima ikawa mbio. Watoto walianza kupiga makofi. Wazee waliokuwa wanatembea kuelekea madhabahuni wakakosea hatua. Nilimwona Maître akishusha mikono, akijaribu kuwazuia, na hakuna aliyemtazama; kila mtu alikuwa amezama kwenye karatasi yake. Halafu akanigeukia mimi. Alinitazama tu, jasho likimtiririka.

Nikaacha kuwafuata. Niliweka do yangu mahali pake, nzito, kisha sol, kisha do, nikipuliza kwa tumbo lote. Kwa kitambo kidogo tulikuwa bendi mbili zinazogombana, wao mbele na mimi nyuma, na nilikuwa na hakika watu wote wanasikia besi imepotea. Jino liliuma. Nilionja chumvi, nikajua ni damu, nikajua limetoka. Nikamkumbuka daktari na sharti lake la kuacha hata katikati ya wimbo. Sikuacha. Kisha ngoma kubwa ikanijia, pigo langu na pigo lake mahali pamoja, halafu ngoma ndogo, na polepole saksafoni zikarudi. Mwanafunzi ndiye aliyekuwa wa mwisho. Aligeuza shingo, akanitafuta kwa macho, akapunguza.

Tulipomaliza nilikimbia nyuma ya kanisa nikatema kwenye leso. Haikuwa damu. Ilikuwa jasho lililotiririka kutoka puani hadi midomoni. Nililigusa jino kwa kidole, halafu kwa kidole kingine, kama mtu asiyeamini. Lilikuwepo, linauma, halijatoka. Nikakaa chini, na gauni langu jipya, kwenye mchanga wa mafundi ujenzi.

Mwanafunzi alinikuta hapo. "Mama, nimeharibu," alisema. Alikuwa karibu kulia.

"Fa ilikuwa muzuri," nikamwambia. "Shida ni pumzi. Unavuta moja tu mwanzoni, halafu unaogopa itaisha, basi unakimbia. Vuta ya pili hapa." Nikamwonyesha kwa kuimba, polepole, pale mchangani, naye akarudia mpaka walipotuita tukale.

Baada ya miezi michache daktari aliniruhusu kujaribu tarumbeta. Nilifunga mlango alasiri moja, mume wangu akiwa nje anatengeneza kiti. Do ilitoka. Mi ilitoka. Fa ya juu ikakataa, midomo ikapiga hewa tu. Mara ya tatu ilikuja, nyembamba, imepauka.

"Imetoka!" mume wangu akasema kutoka nje.

"Imetoka vibaya."

"Lakini imetoka."

Nilijaribu kwa majuma kadhaa zaidi. Siku nyingine ilikuja, siku nyingine haikuja, na sikuweza kujua mapema ni siku ya namna gani. Hofu ile ya kutojua ndiyo iliyonishinda kuliko maumivu. Nilikwenda kwa Maître nikamwambia mwanafunzi abaki na sehemu ya kwanza, mimi nitakaa kwenye besi.

Nilikuwa nimejitayarisha kwa mabishano. Nilifikiri atasema aliitunga kwa mdomo wangu, tungoje kidogo. Akavua miwani, akaipangusa kwa shati. "Aksanti, mama," alisema. "Nilikuwa natafuta namna ya kukuomba."

Nilimwambia hakuna shida. Nilifika nyumbani nikatwanga pondu, majani ya muhogo, kwa nguvu isiyohitajika, nikalia, nikanawa uso. Mazoezi yalikuwa saa kumi. Nilifika mapema, nikaitoa besi ghalani, nikamwaga maji yaliyobaki ndani ya mabomba yake, nikakaa mahali pangu karibu na ngoma kubwa.