Cha Juu cha Shemeji

Yadi ile ya magari mtaani Sakina, pale barabara ya kwenda Nairobi, imebadilishwa rangi ya geti, na nasikia waliokuwa wakiuza magari pale wameshahama. Hasira yangu haijahama. Nikipita pale huwa sigeuzi shingo, na nikiwa na abiria ananiambia nimekaza mwendo.

Mimi ni mpishi. Napika chakula cha mchana nyumbani na kukipeleka maofisini: wali, maharage, mbuzi wa kuchemsha, mboga za majani, ndizi siku za Ijumaa. Kwa miaka mingi nilikuwa natumia bodaboda na bajaji. Siku moja bajaji ikakata kona kama inafukuzwa, hotpoti kubwa la mchuzi likapinduka, na ofisi nzima ikala wali mkavu. Dereva akanipa pole, halafu akadai nauli yake. Nikamlipa. Jioni ile nikaamua kununua gari.

Pesa niliyokuwa nayo ilitoka kwenye kikoba chetu cha akina mama, na kidogo aliyoongeza mume wangu. Haikutosha kuagiza gari Japani. Ilitosha kupata gari dogo lililokwisha kutembea hapa hapa nchini, la namba za zamani, lenye buti la kuingiza masufuria. Sikutaka uzuri. Nilitaka gari la kuwaka asubuhi, la kufika na kurudi, na la kupanda mpaka Oldonyo Sambu kwa mama yangu mzazi, ninakochukua maharage na mbuzi siku za mnada. Kule ni mlima tu kutoka Ngaramtoni. Gari lisiloweza mlima ule kwangu ni pambo.

Mume wangu anafanya kazi kambini, ndani ya hifadhi, na hurudi nyumbani mara moja kwa mwezi. Nilimwambia nitakwenda kutafuta gari mwenyewe. Leseni ninayo, na niliwahi kuendesha pikapu ya bosi wangu wa zamani mpaka ikafa mikononi mwake, si mwangu. Akasema hapana, madalali wakiona mwanamke peke yake watampiga bei. Akasema niende na mdogo wake.

Huyu shemeji yangu ndiye mjuzi wa magari katika ukoo. Hakuwahi kuwa fundi. Aliwahi kuuza matairi kwa muda, na tangu hapo kila anayetaka gari kwa wakwe zangu anaambiwa amuulize yeye. Alipokuja mjini mara ya kwanza alikaa kwetu, chumba cha uani, akala kwangu na kufuliwa mashuka. Simsimangi. Nasema tu ili ijulikane alikuwa nani kwangu.

Tulifika yadi asubuhi. Dalali alinisalimia vizuri, akauliza nataka gari la aina gani, na hayo ndiyo yakawa maneno yake ya mwisho kwangu kwa muda mrefu. Nilipouliza kwa nini gari linauzwa, alimjibu shemeji kwamba mwenyewe kahamia Dodoma. Nilipouliza kama limewahi kugongwa, alimwonyesha shemeji rangi inavyong'aa. Mimi nilikuwa nimesimama katikati yao na mkoba wenye pesa, na bado walizungumza juu ya kichwa changu.

Nikaweka kiganja kwenye boneti. Ilikuwa ya moto. Nikauliza gari lililolala hapa usiku kucha limepataje moto asubuhi yote hii. Gari linalosumbua kuwaka huwashwa mapema, kabla mnunuzi hajafika. Dalali akacheka, akamwambia shemeji kwamba huyu mama mkali. Shemeji naye akacheka. Kisha akanielekeza kwa upole, kama anayemfundisha mtoto kuvuka barabara, kwamba walikuwa wamelisogeza tu ili kulisafisha.

Akaingia ndani ya gari, akaunganisha simu yake na redio, muziki ukajaa yadi nzima. Alinionyesha viti. Alinionyesha kamera ya nyuma. Alisema bei hiyo nikiiacha leo, kesho sitaikuta.

Nikasema nataka kulijaribu. Dalali akasema tuzunguke mpaka Ngaramtoni tugeuze. Nikasema nakwenda Oldonyo Sambu, na kama gari haliendi Oldonyo Sambu silinunui. Hapo ndipo aliponitazama usoni. Akamtazama shemeji, shemeji akainamisha kichwa kidogo. Nilidhani anamtuliza kwa niaba yangu. Dalali akakubali, ila akasema kwa sababu ya bima aendeshe mwanaume. Mpaka leo sijaiona bima ya namna hiyo. Nikaweka mafuta kwa pesa yangu, nikakaa kiti cha abiria.

Mpaka Ngaramtoni tulikwenda vizuri. Baada ya hapo barabara inaanza kupanda, Mlima Meru upande wa kulia, mashamba yanazidi kukauka kadiri unavyozunguka mlima. Nikasikia harufu ya kitu kitamu kinachoungua. Shemeji akaongeza sauti ya muziki. Nikautazama mshale wa joto kwenye dashibodi: umelala chini kabisa, kama injini haijawashwa. Nikamuuliza. Akasema hiyo ni dalili nzuri, injini yake ni ya baridi.

Hatukufika mbali. Gari likaishiwa nguvu, mvuke ukaanza kutoka kwenye kingo za boneti, kisha ukatufunikia kioo. Akaliegesha pembeni. Alitaka kushuka akafungue kifuniko cha rejeta palepale, nikamshika shati, nikamwambia aache, maji yatamchoma uso. Kwa hiyo siku ile, kabla sijajua lolote, nilimwokoa uso wake.

Kando ya barabara kulikuwa na mama mmoja anauza maziwa. Nilimsalimia kwa Kimaasai, akaniuliza kama gari ni letu. Nikasema hapana, tunalijaribu. Akalitazama gari, akanitazama mimi, akaenda kwake na kutuletea dumu la maji.

Tukakaa ndani kusubiri injini ipoe, maana upepo ulikuwa unapeperusha vumbi. Simu ya shemeji ikaita. Akaipokea na kuiweka sikioni. Ila simu bado ilikuwa imeunganishwa na redio, na sauti ya dalali ikatoka kwenye milango yote minne.

"Vipi, mama kaingia mkenge? Hakikisha analipa leo leo, cha juu chako nimeshakitenga. Ila usilipandishe huko juu, si nilikwambia hedi imekwisha? Litawachemkia njiani."

Shemeji alianza kubonyeza redio, akabonyeza kila kitu isipokuwa panapotakiwa. Dalali akawa anaita haloo, haloo.

"Limeshachemka," nikasema. "Na mama amekusikia."

Simu ikakatika. Maji yalikuwa bado yanalia ndani ya injini.

Nataka nieleze vizuri kilichonikasirisha, kwa sababu baadaye watu walikigeuza. Dalali kumpa cha juu mtu aliyemletea mnunuzi, hayo nayajua, nipo mjini. Kama shemeji angenitafutia gari zima na kuchukua chake pembeni, ningenuna wiki moja nikasahau. Lakini alijua. Alijua hedi ya injini imekufa, alijua kwa nini mshale wa joto umelala, maana fundi aliniambia baadaye kwamba hulala hivyo waya wake ukikatwa, na alijua pesa ile ni ya kikoba, kwamba nitairudisha kwa kupika kila siku, nikiwa na gari au bila gari. Aliyajua yote na akaniongezea sauti ya muziki.

"Shemeji, nisikilize," akasema. "Kila mtu anakula kwenye hizi biashara. Hata ungekuja na mwingine, angekula. Si afadhali nile mimi ndugu yako?"

"Ulijua hedi imekwisha?"

Akautazama usukani. "Fundi angelitengeneza."

"Kwa pesa ya nani?"

Nikachukua mkoba wangu, nikashuka, nikamrudishia mama wa maziwa dumu lake. Ikapita pikapu ya watu wa mnadani inayopanda, nikaomba lifti mpaka kwa mama yangu. Nilimwacha shemeji pale na gari la watu. Sikugeuka nyuma.

Kwa mama mtandao ni wa kutafuta. Nilipanda juu ya shamba mpaka nikampata mume wangu. Nilimweleza kila neno. Akauliza, "Una hakika ulisikia vizuri?"

Nilikata simu. Ningeweza kuvumilia mengi siku ile, lakini si hilo.

Wiki iliyofuata mama mkwe aliita kikao. Mume wangu alikuwa amerudi. Tulikaa sebuleni kwao, shemeji ameketi karibu na mama yake, ameinama kama aliyefiwa. Mama mkwe akasema pesa haikupotea, kwa hiyo hakuna kosa lililotendeka. Akasema kijana anahangaika na maisha, na dalali alitaka kumfungulia kesi kwa ajili ya gari lililoharibikia barabarani. Akasema nimemwacha mtoto wake njiani na nimemsema kwa mashangazi, kwa hiyo ingefaa nimuombe radhi yaishe.

Nilimtazama mume wangu. Alikuwa anatazama dari.

"Mama, nakuheshimu," nikasema, "lakini radhi siombi. Pesa haikupotea kwa sababu simu iliita. Isingeita, leo mngekuwa mnamshukuru."

Nikaambiwa nina mdomo. Tukarudi nyumbani, na njiani mume wangu akasema aliona aibu, lakini yule ni mama yake na hakutaka kumvunjia heshima. Nikamuuliza heshima yangu ameivunja mara ngapi. Hatukuongea mpaka aliporudi kazini.

Baada ya hapo nilitafuta gari peke yangu. Kila yadi niliyoingia waliniuliza mzee yuko wapi. Nikawa najibu kwamba mzee yuko kazini na mnunuzi ni mimi. Mmoja alininong'oneza kuwa kadi ya gari itakuja baadaye. Mwingine alinikataza nisiliguse mpaka aliwashe kwanza, nikaondoka kabla hajapata ufunguo. Nilikuwa nimebeba hasira kiasi kwamba nadhani niliwatisha hata waliokuwa na magari mazuri.

Mteja wangu mmoja ndiye aliyenielekeza mtaa wa Daraja Mbili, kwa mama mtu mzima anayeuza vitambaa. Alikuwa na gari dogo la kijivu na alikuwa anauza kwa sababu macho yake hayaoni vizuri tena. Nilimkuta barazani kwake baada ya sala ya adhuhuri.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu kiti."

Sikukaa. Nilikwenda moja kwa moja kwenye gari nikashika boneti. Baridi. Akaanza kunieleza ubovu wake mwenyewe, hata kabla sijauliza: dirisha la nyuma halishuki, mlango wa dereva uligongwa sokoni ukanyooshwa, breki za mbele zinataka kubadilishwa, na redio ilikufa zamani. Badala ya kufurahi nikazidi kumshuku. Nikamuuliza anachoficha ni nini, mbona anataja madogo tu. Niliuliza kwa sauti ambayo sikuwahi kuitumia kwa mtu wa umri wake.

Hakukasirika. Alifungua pindo la khanga akatoa ufunguo.

"Mimi sikukuita, mwanangu. Kuna mtu amekuumiza na si mimi. Chukua, liendeshe mpaka utosheke. Ukimaliza, rudi unywe chai."

Nikalichukua. Nililipeleka kwa fundi niliyemlipa mwenyewe, hakuongeza ubovu wowote isipokuwa matairi mawili. Kisha nikalipandisha Oldonyo Sambu, madirisha ya mbele wazi, nikinusa. Mshale wa joto ulipanda mpaka katikati ukakaa hapo, kama unavyotakiwa. Kwa mama nilizima injini, nikangoja, nikawasha tena. Nikarudi Daraja Mbili, nikakaa kwenye kile kiti, nikanywa chai na kumwomba radhi. Tuliandikishana kesho yake mbele ya mwanasheria, jina likabadilishwa, na gari likawa langu. Mpaka sasa linabeba masufuria, na halijawahi kunilaza njiani.

Ningependa kusema yakaishia hapo. Lakini Pasaka tulikwenda kwa wakwe, gari limejaa pilau na kachumbari. Baada ya kula wanaume wakatoka nje. Nilipopita na sahani nikamkuta shemeji ameegemea boneti yangu, anamfundisha binamu yao namna ya kuchagua gari lililotumika. Alikuwa anasema lazima ulipandishe mlima, hapo ndipo utaijua injini, kama alivyomsaidia shemeji yake kulipata hili.

Nikaweka sahani chini.

"Hukunisaidia. Uliniuza," nikasema. "Ulijua injini ya lile gari imekufa, ukakubaliana na dalali akupe cha juu nikishalipa. Hili nimelinunua mwenyewe, wewe hukuwepo. Toka kwenye gari langu."

Akatoka. Mama mkwe akaita kutoka mlangoni kwamba leo ni sikukuu.

"Najua, mama," nikamjibu. "Ndiyo maana nimepika."

Hapo mume wangu, aliyekuwa amesimama pembeni na chupa ya soda, akasema mbele ya wote, bila kupandisha sauti, kwamba ni kweli, na kwamba yeye aliamini tangu siku ile nilipompigia simu.

Watu wengine wangefurahi. Mimi nilizidi kuwaka. Sentensi ile niliihitaji sebuleni, siku ya kikao, na alikuwa nayo mdomoni muda wote huo. Tukiwa njiani kurudi kwetu Sakina, mimi nikiendesha, akaniuliza kama bado nimekasirika. Nikamwambia ndiyo, na sasa hasira yangu ina sehemu yake yeye pia. Akatikisa kichwa kukubali, akasema nina haki, na hakuniomba niache.