Picha Niliyomhadithia Mama Edani

Juzi nilialikwa arusi hapa hapa Ngamiani. Kando yangu aliketi msichana aliyejibandika kikuba cha asumini kifuani, na nje ya dirisha mtu alikuwa anakaanga njugu kwenye mchanga wa moto. Harufu hizo mbili zilipokutana puani mwangu, sikumwona tena bibi arusi. Niliona ukumbi wenye giza, viti vya mbao, na mwanamume mwenye kofia nyeusi juu ya farasi. Msichana akaniuliza, "Bibi, mbona unalia arusini?" Nikamjibu kwamba ni furaha. Ninyi nitawaambia kweli.

Miaka ile ya hamsini, bendera ya Mwingereza ikingali inapepea bomani, sinema ya mjini ilikuwa na alasiri moja kila wiki ya wanawake peke yao. Tuliiita zanana. Mwanamume hakuingia, isipokuwa yule aliyeendesha mashine, naye alijifungia juu kwenye kijichumba chake asionekane. Wanawake walifika wamejifunika mabuibui, na wakishaketi waliyalegeza. Hapo ndipo asumini na udi vilipojaa ukumbi mzima, vikachanganyika na njugu zilizouzwa mlangoni katika karatasi iliyokunjwa kama pembe. Mama yangu alikuwa hakosi. Picha za Kihindi alizijua mpaka nyimbo zake, ingawa Kihindi chenyewe hakukijua zaidi ya majina ya viungo vya pilau.

Kisha baba akafa. Alikuwa dereva wa lori katika shamba moja la mkonge, njia ya kwendea Pangani. Karibu na Tongoni, kwenye mteremko wa daraja, lori lilikataa kusimama, likapinduka na mzigo wake wote. Mimi niliambiwa hayo tu. Watu wakajaa nyumbani, wakalia, wakasoma hitima, na kila aliyenishika kichwa alisema kazi ya Mungu haina makosa. Matanga yalipovunjwa wakaenda zao. Wahenga walisema kilio huanza mfiwa ndipo wa mbali wakaingia. Hawakusema kwamba wa mbali wakishatoka, mfiwa hubaki nacho peke yake.

Mama akakaa eda. Kwa asiyejua, mjane kwetu hukaa ndani miezi minne na siku kumi. Alivaa nguo nyeupe zisizo na pambo, hakujitia manukato, hakutoka ila kwa dharura, wala hakusema na mwanamume asiyekuwa maharimu wake, yaani ndugu asiyeweza kumwoa. Kati ya chumba chake na ukumbi palitundikwa pazia, na mimi, binti wa miaka tisa, ndiye niliyekuwa mdomo wake. Muuza samaki akibisha, naenda kwa mama: "Mama, anasema leo ana changu." Narudi kwa muuza samaki: "Anasema changu wa jana hatumtaki." Nilijiona mtu mkubwa.

Lakini muuza samaki akishaondoka, nyumba ilinyamaza. Mama hakuninyima chakula wala mapenzi; aliishiwa maneno tu. Alikuwa akichambua mchele juu ya ungo, punje kwa punje, mchele ambao tayari ulikuwa safi. Mimi nilikaa mbele yake nikimtazama. Naweza kuwaambia kwamba upweke wa kukaa na mtu asiyesema unazidi upweke wa kukaa peke yako. Ukiwa peke yako walau unaruhusiwa kuimba.

Shoga yake mama, Bi Mwanaidi, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuitia watu ng'ambo, ndiye aliyenionea huruma. Alikuja alasiri moja akasema, "Mtoto huyu ataota kuvu humu ndani. Nipe nende naye zanana." Nilidhani mama atakataa. Akasema, "Nenda, Saumu. Uje unihadithie." Ndiyo ilikuwa desturi yetu: aliyekwenda picha alikuwa na deni kwa asiyekwenda.

Siku hiyo sanduku la picha ya Kihindi halikufika na gari moshi. Wakatuwekea picha ya Kizungu, ya farasi na bastola. Mngesikia manung'uniko! Bi Mwanaidi alisimama akamwambia yule mwendesha mashine kule juu kwamba sisi hatukuvaa asumini zetu kuja kutazama punda. Lakini picha ikaanza, na baada ya muda hata njugu zikasahauliwa mapajani.

Ilikuwa picha nyepesi, hata mtoto aliielewa. Kijana mmoja anauawa. Kaka yake, ndiye stelingi wa picha, anapata habari akiwa mbali. Anavaa kofia nyeusi, anapanda farasi, anakuja. Maadui ni watatu, na anawafuata mmoja mmoja mpaka anamfikia mkubwa wao. Basi, hakuna zaidi. Ila namna alivyofanya! Hakukimbia hata mara moja. Hakupiga kelele. Kila alipomfikia adui alisimama, akajipangusa vumbi begani kwa vidole viwili, taratibu, kama mtu anayekwenda sala ya Idi, ndipo akafanya lililomleta. Wanawake walikuwa wakimwelekeza kwa sauti: "Nyuma yako, mwanangu, nyuma ya pipa!" Adui mkubwa alipoanguka, ukumbi ulijaa vigelegele, na mtu akapaza sauti, "Za mwizi arobaini!" Mwisho stelingi akapanda farasi akaondoka peke yake. Mlangoni alisimama mwanamke akimtazama, naye hakugeuka.

Niliporudi nyumbani, mama alinivuta karibu akainusa kanga yangu kwa muda mrefu. Yeye alikuwa amekatazwa manukato, lakini kunusa ya mwenzio hakuna aliyekukataza. "Unanukia zanana," akasema. "Haya, hadithia."

Nikahadithia. Nikapanda mto kama farasi. Nikafa mara tatu kwa ajili ya maadui watatu. Nilipofika pale pa kujipangusa vumbi, nikasimama wima na kupitisha vidole viwili begani, na mama akacheka. Alicheka kidogo, puani, lakini nilikuwa sijakisikia kicheko kile tangu baba aondoke, nikaapa moyoni kwamba nitaihadithia picha ile mpaka dunia iishe.

Kesho yake akaiomba tena, na kesho kutwa pia. Kila siku baada ya alasiri, ungo ukiwa mapajani mwake, tuliingia katika mji ule wa vumbi, mimi na yeye. Ndizo saa alizozungumza. Akawa anauliza maswali. "Yule adui mkubwa, alimwambia nini kijana kabla hajafa?"

"Sijui, Mama. Walisema Kizungu."

Akachambua punje mbili tatu. "Alimwambia, 'Safari hii moja tu. Ukirudi tutazitengeneza.'"

"Watatengeneza nini?"

"Breki."

"Mama nawe! Farasi hana breki."

Mikono yake ikatulia juu ya ungo. Sikuuliza tena. Lakini mtoto si gogo. Nilikumbuka jioni ya mwisho, baba anakula huku akisema kwamba lori halishiki breki, na kwamba amemwambia nyapara. Nyapara wa shamba lile alikuwa Bwana Hoza. Tulimjua. Alikuwa rafiki wa baba, Msambaa mrefu mwenye miguu ya kupanda milima, na kila alipotoka kwao aliniletea mapeasi. Alikula wali wetu mara nyingi. Tangu siku ile, nilipohadithia, adui mkubwa alikuwa na sura ya Bwana Hoza, na mama alijua kwamba ninajua.

Sasa nikawa namtaka mtu yule afe kila siku saa kumi. Na alikufa. Nilimwangusha ukumbini, nikamwangusha juu ya kitanda. Jambo moja tu lilinisumbua. Stelingi alimwambia adui neno fulani kabla ya kumaliza kazi, neno fupi, kwa sauti ya chini, na mimi sikulijua. Nikamwuliza mama, maana yeye ndiye aliyekuwa akitia maneno. "Alimwambia nini?"

"Ngoja," mama alisema. "Hilo bado nalitafuta."

Eda ilikuwa imekaribia mwisho Bwana Hoza alipokuja. Ilikuwa Jumapili, amevaa koti lake la kanisani, na mkononi ana kikapu cha mapeasi. Sikumwamkia. Hilo peke yake lingenipatia kofi siku nyingine, mtoto kuacha kusema shikamoo, lakini yeye hakuonekana kuliona. Alivua kofia, akasimama ukumbini akilitazama pazia.

"Mwambie mama," akasema, "nimekuja kuomba radhi. Mwambie, marehemu aliniambia, na mimi nikamwambia aende. Sipati usingizi, mwanangu. Mwambie aniwie radhi."

Nikaingia ndani. Mama alikuwa amekwisha kusikia yote. Pazia si ukuta. Alikuwa amekaa na ungo wake. Nilijua kwamba kwetu mtu akiomba radhi huwa haondoki mikono mitupu. Hata aliyekuibia kuku humwambii hapana akishalitamka neno hilo mlangoni kwako. Niliogopa mama atasamehe. Nilitaka sana asisamehe.

Akaweka ungo chini. "Mwambie," akasema, kwa sauti ya chini kabisa, "mwenye radhi tumemzika."

Kisha akapitisha vidole viwili begani mwake, juu ya nguo nyeupe isiyokuwa na vumbi.

Nilitoka. Nilisimama mbele ya Bwana Hoza miguu nimeipanua, nikamwambia vile vile, taratibu, bila kelele. "Anasema, mwenye radhi tumemzika."

Nilingoja aanguke. Hakuanguka. Alikigeuza kile kikofia mikononi, mara mbili, akilitafuta tundu la kuingizia kichwa utadhani hajapata kukivaa. "Haya, mwanangu," akasema. Akakiweka kikapu barazani akaondoka. Nilimfuata kwa macho mpaka kwenye kona. Hakuna aliyepiga vigelegele. Mtaa mzima ulikuwa umelala usingizi wa mchana, na ilisikika baiskeli ya muuza mkate tu. Mapeasi hatukuyagusa, yaliliwa na mbuzi wa jirani, nami niliyatamani, Mungu anisamehe.

Siku iliyofuata, baada ya alasiri, nikaketi mbele ya mama. Nilikuwa nimelipata neno lililokosekana na nilikuwa na haraka ya kuihadithia picha yote, safari hii ikiwa kamili. "Nianze, Mama?"

"Ile imekwisha, Saumu."

Hakuiomba tena kabisa. Hakuwa mkali wala hakukasirika, ila picha ilikuwa imetimiza kazi yake, na hatukuwa na nyingine. Nyumba ikanyamaza kuliko mwanzo. Eda ikaisha, akaoga, akafukizwa udi, Bi Mwanaidi akaja kumchukua kwenda zanana. Alikwenda. Alirudi nikamwambia anihadithie, akasema kichwa kinamwuma. Nilikuwa nimempata stelingi nyumbani mwangu na nimempoteza mama aliyekuwa akicheka puani. Usiku nililia kwa kumtaka baba, lakini mchana nililia kwa kumtaka yeye, naye alikuwa pale pale.

Nilipokuwa mtoto niliamini stelingi huondoka peke yake kwa sababu ndivyo inavyopendeza, farasi na mtu na njia ndefu. Ilinichukua umri kuelewa kwamba anaondoka peke yake kwa sababu hana tena cha kuzungumza na mtu. Kisasi ndicho kilichokuwa kikimtia maneno kinywani. Wala simlaumu mama. Alisema kweli, mwenye radhi tulikuwa tumemzika. Naipenda picha ile mpaka leo. Mnipe stelingi mwenye kofia nyeusi na maadui watatu, nitaacha chungu kiungue. Ila mwenye kovu usidhani kapoa, na picha huisha kabla hujaona nyumba anayolala stelingi baada ya hapo.

Mama alizeeka mikononi mwangu. Katika ugonjwa wake wa mwisho, alasiri moja, jirani alikuwa ameanika asumini uani, na harufu ikaingia dirishani. Mama akafumbua macho. "Saumu," akasema, "nihadithie ile." Sikumwuliza ipi. Mimi, mama wa watoto sita, nikaupanda mto. Nikawaangusha maadui wawili, mguu wangu mbovu ukinilalamikia. Nilipofika kwa yule mkubwa nikasema lile neno, kisha nikamwondoa stelingi polepole, njia ndefu, hageuki.

Mama alinyoosha mkono akaishika kanga yangu. "Mwambie arudi," akasema.

"Nani, Mama? Stelingi?"

Akatikisa kichwa. "Amesimama sana pale ukumbini. Na mapeasi yake. Mwambie arudi."

Bwana Hoza alikuwa ameshazikwa kwao milimani, miaka mingi. Lakini mimi ndiye niliyekuwa mdomo wa mama, naye hakuwa na mwingine. Nikanyanyuka nikaenda hadi mlangoni, nikaangalia barazani, kisha kwenye kona. Nikasema kwa sauti, wapita njia wakigeuka kunitazama, "Anasema rudi." Nikakaa pale mpaka jua lilipozama.