Benchi la Hasina

Hasina Salim ana duka la kuchapa barua na kutoa nakala sokoni Kwa Vonza. Wazazi humletea simu za watoto wao wakitaka kujua maana ya maneno ya mtandaoni. Yeye hazisomi. Utaratibu wake ni kwamba mzazi na mtoto wakae kwenye benchi moja, mtoto aeleze mwenyewe, na Hasina aulize pale mtoto anapopapita haraka.

Mimi nilikwenda peke yangu. Nilifundisha miaka thelathini na miwili, na tangu nimzike mume wangu, hakuna aliyewahi kuijadili nyumba yetu katika soko letu la Tulia. Ndiyo maana nilikwenda mbali. Nilikuwa nimenakili kwenye karatasi meseji nilizozikuta katika simu ya mjukuu wangu, nikazitia kalamu nyekundu. Yuko kidato cha pili na anaitwa Kaveke. Ni jina langu, kama ilivyo desturi yetu Wakamba, naye huniita susu, yaani nyanya. Mtandaoni alijiita Kaveke Baddie. Nilikuwa nimeshawaomba akina mama wa kanisa waje Jumapili kumwombea, bila kuwaambia sababu.

"Haya ni ya mtoto wa jirani," nilimwambia Hasina.

Aliitazama karatasi akacheka. "Mwalimu, ripoti zangu za darasa la saba ziko na mwandiko huu huu. Jirani gani?"

"Wewe niambie maana tu."

"Sikuambii. Mlete."

Jumamosi nikamleta. Kaveke alikaa mwisho kabisa wa benchi, akapokea karatasi.

"Susu! Umesahihisha meseji zangu?"

"Huweki nukta hata moja."

Alicheka bila kutaka, kisha akaanza kueleza. Baddie ni msichana anayejiamini na anayependeza. Delulu ni mtu anayeamini ndoto zake mwenyewe. Walikuwa wakimtania rafiki yao Mbula, anayedhani mpiga kinanda wa kanisa humtazama yeye tu. Niliandika yote.

"Na huyu anayesema 'tuma pic'?" Hasina akauliza. "Huyo umempita."

Kaveke alikunja karatasi. "Simjui. Nilimbloki."

"Lini?"

"Alhamisi. Alikuwa ameniandikia wiki mbili."

"Wiki mbili!" nikasema. "Mbona hukuniambia, Kaveke?"

"Ungeita kanisa, susu."

Hasina aligeukia mashine yake akajifanya anapanga karatasi.

Nilitoka nje nikampigia mwenyekiti wa akina mama, Mama Kiema, nikamwambia wasije Jumapili.

"Kwani mtoto alifanya nini?" akauliza.

Ningeweza kusema ni mgonjwa. Ningeweza kusema tunasafiri kwenda Mukuyuni. Kaveke alikuwa amesimama mlangoni, akinitazama.

"Hakufanya kitu," nikasema. "Ni mimi niliyewaita kabla ya kumuuliza."